Kumfuata Mtoto Aliyeibwa: Habari za Kisaki na Nchi ya Ukutu

Maneno ya utumwa katika Kiswahili cha zamani yaonyesha njia aliyopatikana mtu. Mateka ni mtu aliyetwaliwa vitani. Rehani ni mtu aliyewekwa mikononi mwa mwingine kwa ajili ya deni au njaa. Mzalia ni yule aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Lakini mtoto aliyenyakuliwa kisimani au shambani, pasipo vita wala deni, hatumwonei jina lake mwenyewe. Alipokwisha kufika pwani alihesabiwa pamoja na wengine wote. Nasi twadhani upungufu huu wa neno si jambo dogo, maana mateka aliweza kurudishwa wakuu walipopatana, na rehani aliweza kurudi deni lilipolipwa; bali mtoto aliyeibwa hakuwa na mtu wa kupatana naye. Ilikuwa lazima afuatwe, tena afuatwe upesi.

Kisaki yafaa kutazamwa kwa habari hii kuliko mahali pengi. Mji huu uko kusini mwa milima ya Uluguru, katika nchi ya Wakutu, karibu na mto Mgeta, na katika upande huo ndipo palipokuwa Zungomero, kituo kikubwa cha misafara karne ya 19. Misafara ya kutoka Mrima ilipumzika hapo, ikanunua chakula, ikangojana. Bwana Burton alifika pamoja na Bwana Speke mwaka 1857, naye ameandika kwa uchungu jinsi watu wenye bunduki walivyowanyang'anya Wakutu nafaka zao na watu wao, hata vijiji vikaachwa vitupu. Kaskazini ya milima alitawala Kisabengo, ambaye wasafiri wa siku zile humtaja kuwa mwizi wa watu. Ndiye aliyejenga mji wa Simbamwene, karibu na mahali palipo Morogoro ya leo, na Bwana Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta umezungukwa na ukuta imara. Basi Wakutu walikuwa katikati: misafara mlangoni mwao, na wezi nyuma ya mlima.

Je, hawakujitetea? Walijitetea. Yowe lilipopigwa kijijini kila mwanamume alitoka na silaha yake, na aliyebaki nyumbani alitiwa aibu. Lakini yowe lina mwisho wake. Husikiwa mpaka kijiji cha pili, labda cha tatu. Na pale mpaka wa mkuu mmoja ulipokoma, mfuataji alisimama, kwa kuwa kuingia na mkuki katika nchi ya mwingine kulikuwa kutangaza vita. Mwizi alijua hayo vizuri sana. Hakuhitaji kukimbia mbali. Alihitaji kuvuka kijito tu. Tena yule mkuu wa ng'ambo pengine alikuwa na sehemu yake katika faida.

Lipo jambo moja lililotukia Dutumi, si mbali na Kisaki, mwaka ule ule wa 1857, nalo latuonyesha kinyume cha hayo. Watu walikuwa wametekwa katika ugomvi wa majirani. Burton, ingawa alikuwa mgonjwa wa homa, aliwatuma baadhi ya watu wake wenye bunduki kwenda kuwadai, nao wakarudi na watu watano, wawili wao wakiwa vikongwe waliolia kwa furaha. Hatumsifu Burton kupita kiasi, maana kwa mambo mengine aliwadharau Waafrika wale wale. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba kikosi kile hakikuwa cha upande huu wala cha upande ule, na kwa hiyo mpaka haukukizuia. Twaangalia pia kwamba kilitumwa habari zikiwa bado mbichi. Kikongwe hapati mnunuzi upesi, bali mtoto hununuliwa siku ile ile; wafuataji wakichelewa, huwakuta wazee tu.

Baharini jambo hili lilieleweka mapema zaidi. Kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, lakini kufunga soko hakukuzuia wizi. Tufani ya 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba yalitaka watu. Ndipo Waingereza walipoitia nanga bandarini Unguja manowari kuukuu, London, na mashua zake zikawekwa hapa na pale kuzunguka visiwa, kila moja na sehemu yake ya bahari, zikikagua majahazi. Kazi ile haikuwa salama: mwezi wa Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokaribia jahazi. Hata hivyo mashua zile zilimkamata mwizi njiani tu. Mtoto wa Ukutu alikwisha kutembea siku nyingi kabla ya kuona maji ya chumvi.

Na mtoto huyo akiisha kuopolewa, arudi wapi? Hapa ndipo wamisioni walipoingia, na hapa ndipo penye ugumu uliopita yote. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano, nao wakawa mwanzo wa shule iliyokuja kuwa Kiungani. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto wengi kwa fedha. Palikuwa na ubishi, na ubishi ule ulikuwa wa haki: anayenunua ili kuokoa humlipa mwizi kama anayenunua ili kutumikisha. Lakini nani angemwambia mtoto aliyesimama mbele yake kwamba hanunuliwi kwa ajili ya kanuni?

Mwaka 1887 Bwana Madan, ambaye wasomaji wetu wamjua kwa kamusi zake, alitoa kitabu cha habari zilizosimuliwa na wavulana wa Kiungani wenyewe, jinsi kila mmoja alivyotwaliwa kwao. Twakipendekeza kwa kila mwalimu. Mtoto mdogo hajui jina la nchi yake. Ajua jina la mto, la mlima, la mjomba wake. Akikaa pwani miaka miwili lugha ya mama humpotea, na watu humwita kwa jina la jumla: Mnyasa, Mmanyema, Mzaramo. Wachache sana walirudi karibu na kwao, kama Cecil Majaliwa, Myao, aliyepewa daraja ya ukasisi mwaka 1890 na kufanya kazi miongoni mwa Wayao. Waliobaki walipewa kwao kupya.

Kwa watu wa Uluguru na Ukutu ingekuwepo njia moja ya kuwatambua, nayo haikutumiwa sana. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Watu wa ukoo mmoja wametawanyika katika mabonde mengi. Mtoto akilijua jina la ukoo wake tu, wako watu wa kumdai hata mahali asipojulikana baba yake.

Serikali ya Wadachi iliweka askari Kisaki katika miaka ya 1890, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Wizi wa watoto haukufutika pamoja nao. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha watu isingetungwa kama ungalifutika. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita Kisaki, na mtoto aliyepandishwa gari jioni aweza kuwa amevuka mipaka ya wilaya kadhaa kabla ya kupambazuka. Sungusungu wa Usukuma, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, waliliona hilo: kijiji kilichosikia yowe kilimpokea mfuataji wa kijiji kingine, kikaendelea naye, wala hakikumwuliza idhini ya mpaka. Njia zao nyingine zilikuwa kali kupita haki, nasi hatuzitetei. Bali mpango ule wa kupokezana nyayo ndio waliokosa Wakutu wa mwaka 1857.

Leo mpango kama huo wahitaji watu wa stesheni, wenye mabasi, polisi, walimu na makasisi wa pande zote mbili za Uluguru, wajuane kwa majina kabla ya siku ya hatari, na kila mmoja aijue namba 116 ya kutoa habari za watoto. Kwa upande wa shule zetu twaomba jambo moja tu: mtoto aandikwapo daftarini, chini ya jina la baba liandikwe pia jina la mama, la mjomba, na la ukoo, na mtoto mwenyewe afundishwe kuyataja.