Mahali pa Kusindika Gesi: Mjadala wa Mtwara Uonekanavyo kutoka Musoma

Mjadala wa kisiasa uliotikisa Mtwara katika miaka ya 2012 na 2013 umekwisha kuelezwa mara nyingi kama habari ya bomba, ya mkopo na ya ghasia. Nia ya makala haya ni kuutazama kama habari ya maneno pia. Rai yangu ni kwamba wananchi na serikali walitumia maneno yanayokaribiana sana kwa kazi mbili zilizo mbalimbali, hata jawabu lililotolewa halikuwa jawabu la swali lililoulizwa. Habari zenyewe ni za Mtwara, lakini kipimo nakichukua Mkoa wa Mara, kwa sababu mbili. Kwanza, waziri aliyeubeba mjadala ule, Profesa Sospeter Muhongo, ni mtu wa Musoma. Pili, watu wa ziwani wana msamiati wa siku nyingi wa kazi za viwanda, nao watusaidia kupambanua mambo.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Shirika la taifa la mafuta, TPDC, lilikuwa limeundwa tangu mwaka 1969, wakati wa uongozi wa Mwalimu Nyerere wa Butiama. Gesi ya Songo Songo ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Tangu mwaka 2010 ikagunduliwa gesi nyingi zaidi katika kina kirefu cha bahari, na matumaini ya mikoa ya kusini yakapanda.

Novemba 2012 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi la bomba jipya la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Tarehe 27 Desemba watu wa Mtwara waliandamana. Januari 2013 ghasia zilizuka Masasi na watu wakapoteza maisha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Mtwara kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei, siku Profesa Muhongo aliposoma bungeni makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini, Mtwara ilichafuka tena na jeshi likapelekwa.

Kilio cha waandamanaji kilikuwa maneno mawili tu: “Gesi haitoki.” Mwanasarufi ataona kwamba hawakusema “isitoke”, ambalo lingekuwa ombi, wala “isitolewe”, ambalo lingemwashiria mtoaji. Walisema kama mtu atajaye jambo lililokwisha kukatwa. Tena kitenzi kutoka kina njia mbili: kutoka ardhini na kutoka mahali kwenda pengine. Hakuna aliyekataa gesi itoke ardhini, maana ikibaki huko haimfai mtu. Kilichokataliwa ni safari. Na safari hiyo iliogopwa kwa sababu kusini ilikuwa na kumbukumbu zake: reli ya mradi wa karanga iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970 ambavyo vingi vilisimama, korosho zikaendelea kupelekwa India na maganda yake.

Serikali ilijibu mambo mawili. La kwanza, kwamba gesi ni mali ya Watanzania wote. Hilo ni kweli, lakini ni jawabu la swali la nani mwenye mali, na swali la Mtwara lilikuwa wapi kazi ifanyike. La pili, kwamba gesi itasafishwa palepale Mtwara, katika kijiji cha Madimba. Ahadi hiyo ilitimizwa; mtambo ulijengwa, na bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Ila hapa ndipo maneno yanapotupasa kuyapima.

Kusafisha mchele ni kuondoa chuya. Kilichoingia katika ungo ndicho kitokacho. Kusindika ufuta ni jambo jingine: mbegu huingia katika kinu, ngamia akazunguka, yakatoka mafuta na mashudu, yaani vitu vipya. Madimba gesi huondolewa maji na vimiminika vingine ili iweze kusafiri katika bomba bila kulidhuru. Hiyo ni kazi ya ungo, na kwa desturi hufanywa karibu na visima, ijapokuwa hapana aliyeandamana. Waliyoyataka Mtwara ni kazi ya kinu: umeme mwingi, mbolea, viwanda na ajira. Waliomba kusindika, wakapewa kusafisha. Neno kuchakata, litumiwalo sana siku hizi, limeyafunika yote mawili, na tofauti imezidi kufichika.

Watu wa Mara hawangedanganyika upesi. Bunda wajua kuchambua pamba: nyuzi hutengwa na mbegu, na robota husafiri. Kufuma nguo ni kazi nyingine, na kwa ajili hiyo serikali ilijenga kiwanda cha MUTEX mjini Musoma, ambacho baadaye kilikwama. Sangara nao wana somo lao. Katika miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilitangulia upande wa Kenya. Katika miaka ya 1990 vikaenea Mwanza na Musoma. Watu wakapata kazi mjini kwao, lakini minofu ilikwenda Ulaya, na wengi wa ziwani wakabaki na mapanki. Basi kiwanda kuwapo karibu si neno la mwisho. Lazima tuulize pia kinachobaki.

Swali hilo lilimrudia Profesa Muhongo kwa mlango mwingine. Akiwa mbunge wa Musoma Vijijini tangu mwaka 2015, na waziri tena, uteuzi wake ulitenguliwa Mei 2017 katika mgogoro wa mchanga wa dhahabu uliokuwa ukisafirishwa nje kuyeyushwa. Mchanga huo tulifundishwa kuuita makinikia, kutokana na makinika, yaani kutulia na kukaza fikra. Neno lililotoka katika utulivu wa moyo likabandikwa juu ya kontena za bandarini, na wasikilizaji hawakuweza kulisoma maana yake ndani yake.

Sasa mradi wa Likong'o, Lindi, ambao serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell mwaka 2022, wasemwa kuwa wa kusindika gesi iwe kimiminika. Gesi hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikapungua ujazo mara 600 hivi. Lakini hupozwa ili ipakiwe melini. Neno ambalo zamani lilitaja mafuta yanayobaki kinuni limekuwa jina la matayarisho ya safari.

Wanaounda istilahi, basi, wana dhima. Wakitenga kusafisha, kusindika na kutengeneza, kila moja kwa kazi yake, mwananchi atakapoahidiwa kiwanda ataweza kuuliza ni kipi, na serikali haitaweza kumjibu kwa neno jingine.