Umri wa Leso za Mji wa Kale

Leso ya zamani ina mji wake katikati, ina pindo, ina jina, lakini tarehe haina. Ndiyo maana katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia nyuma ya Ngome ya Yesu hadi Kibokoni, leso inapotolewa kashani ikinukia udi, swali la umri wake hujibiwa kwa maneno mawili matatu: ni ya nyanya, ya zamani sana. Jibu bora lipo, na linapatikana kwenye nguo yenyewe.

Utazame kwanza mshono. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vikiwa bado havijakatwa kwenye jora. Walivikata vitatu vitatu, wakaviunga upande kwa upande wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima, isiyohitaji mshono, ichapwe Ulaya na India. Vlisco, kampuni ya Uholanzi yenye kiwanda katika mji wa Helmond, ilichapa nguo za soko la Afrika Mashariki, na sampuli ilizozihifadhi zimewafaa sana watafiti wanaotafuta mwaka wa nakshi fulani.

Kisha jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na duka la ukoo wake katika Mtaa wa Biashara ndilo linalosifiwa kwa kueneza leso zenye maneno. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu; za Kirumi zilishika nafasi hiyo baadaye. Leso yenye jina la herufi za Kiarabu basi huwa na dalili nzuri ya ukongwe. Alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, kwa upande mwingine, hukutajia mwenye mali tu. Imetumika kwa vizazi kadhaa, na wengi hudanganyika wakidhani kila leso yenye alama hiyo ni ya kale.

Mtego mkubwa zaidi ni kisutu. Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi imechapwa kwa nakshi ileile kwa miaka mingi mno, kwa hiyo aliyevaa mwaka jana na nyanya yake wanaweza kufanana kabisa. Nakshi peke yake haitoshi, na muuzaji anayekutajia mwaka kwa kutazama mji tu hastahili kuaminiwa.

Hapa Ngome ya Yesu inatufunza jambo. Iliacha kuwa jela mwaka 1958, na mwanaakiolojia James Kirkman akachimba ndani yake kabla na baada ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Vigae vya kaure za Kichina vilisaidia kuyapa matabaka ya udongo umri wake, na kanuni ya wachimbaji ni kwamba tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichofukiwa ndani yake. Kanuni hiyo inaifaa leso vilevile. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa, uuchome mbali na nguo. Pamba huungua ikanuka kama karatasi, ikaacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, nyuzi zilizovumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Leso hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1920, hata mwenyewe aape. Leso ikiwa na chapa ya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, haitangulii mwaka 1968, kilipofunguliwa.

Zipo leso zisizohitaji uchunguzi, kama zile za Barack Obama zilizotoka aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008. Postikadi nazo husaidia: picha za studio ya A. C. Gomes wa Zanzibar zinaonyesha nguo za wanawake wa enzi yake, na muhuri wa posta huweka ukomo wa tarehe.

Lakini shahidi mkuu ni mwenye leso, anayekumbuka alivishwa arusi ya nani au alinunua mwaka aliojifungua nani. Ushahidi huo hauna nakala katika makumbusho yoyote. Kama nyanya yako yu hai, muulize wiki hii. Andika majibu kwa penseli kwenye karatasi, uiweke ndani ya mkunjo wa leso, na usiruhusu mtu aitie leso hiyo dawa ya kung'arisha.