Bomboni ilipita njia ya chumvi

Wandugu warudi, bomboni tunayonunulia watoto hapa Kirumba iko na historia.

Zamani utamu wetu ulitoka shambani: muwa, asali, ndizi mbivu. Kitu cha mbali kilikuwa chumvi. Wazee waliifuata Katwe, Uganda, wakabeba kichwani. Njia ile ya mashariki ndiyo ilizaa biashara ya Butembo. Mwaka 1973 Mobutu alinyang'anya wageni maduka yao, na wafanyabiashara wa kwetu wakazidi kujiagizia vitu wenyewe: Nairobi, kisha Dubai na China. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilipofungwa na vita ya 1996, tukabaki kuangalia Kasindi zaidi.

Leo katoni ya bomboni inashuka Mombasa, inapita Kampala, inavuka Kasindi, inafika Beni. Halafu kilometa 54 mpaka Butembo, Lubero, njo Kirumba. Kila bariere inaongeza bei. Lakini bomboni imekuwa pia makuta: ukikosa baki ndogo, mwenye butiki anakupa bomboni mbili, na hakuna anayegomba.

Vita ilipofika hapa mwisho wa Juni 2024, tomati ilioza mezani. Bomboni haiozi haraka, haina uzito, inauzwa moja moja, na unaweza kukimbia nayo. Basi mama aliyerudi mikono mitupu asione haya kuanza na pakiti moja. Wazee walianza na mzigo wa chumvi.