Muhimbili: Chuo Kilichokulia Wodini

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabu: 12 tu, kwa idadi ambayo wazee wa fani hawachoki kuitaja. Aliyetaka kusomea udaktari Afrika Mashariki alikwenda Makerere, na nafasi za huko zilikuwa haba. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ikafungua Shule ya Tiba ya Dar es Salaam pale Upanga, kwenye hospitali iliyojengwa enzi za mkoloni kwa jina la Princess Margaret. Leo ni Muhimbili.

Mwaka 1968 shule ikapandishwa kuwa Kitivo cha Tiba, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Baada ya hapo historia yake ni ya ndoa yenye misukosuko. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vilifungishwa pingu za maisha, vikawa taasisi moja. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 sheria ikawatenganisha wawili hao, na mwaka 2007 chuo kikapata hati yake na jina la sasa, MUHAS. Kwa miaka mingi Mkuu wa Chuo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi.

Talaka hiyo, hata hivyo, iliishia kwenye makaratasi. Mhadhiri wa darasani ndiye bingwa anayepita wodini Mwaisela, Kibasila au Sewa Haji, jengo lenye jina la tajiri wa karne ya 19 aliyetoa mali yake ili wagonjwa wajengewe hospitali. Asubuhi mwanafunzi husimama kando ya kitanda, faili mkononi, aeleze mgonjwa alianza kuumwa lini, alipitia zahanati gani, alimeza nini kabla ya kupewa rufaa. Swali hilo la mwisho ndilo huwaumbua wengi, kwa sababu jibu mara nyingi ni mizizi, na mgonjwa hasemi asipoulizwa kwa adabu.

Pengine ndiyo maana chuo hakikuidharau mizizi hiyo. Tangu mwaka 1974 kina kitengo cha utafiti wa tiba asili, sasa taasisi kamili, ambako wataalamu wa mimea na kemia huchunguza dawa wanazotumia waganga. Kwangu mimi, huo ni uamuzi wa kijasiri kuliko majengo yote yaliyofuata.

Sifa yake nje ya nchi ilikuzwa zaidi na UKIMWI. Ushirikiano wa utafiti na Wasweden, wakiwemo wa Karolinska, ulianza mwaka 1986, na kuanzia 2007 askari polisi 60 wa Dar es Salaam walijitolea kuchanjwa katika jaribio la chanjo ya VVU. Chanjo yenyewe bado haijapatikana. Maabara na watafiti waliokomazwa na kazi hiyo wapo.

Novemba 2017 Rais Magufuli alizindua hospitali ya Mloganzila, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Hatimaye chuo kilikuwa na hospitali yake. Haukupita hata mwaka mzima: Oktoba 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, na wanafunzi wakaendelea kujifunzia humo humo.