Hadithi za Jioni Gatumba: Kutoka Mafigani hadi kwenye Kioo

Gatumba iko magharibi ya Bujumbura, mwendo wa kilomita kama 15 kwa barabara iendayo Uvira, pale mto Rusizi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Mpaka wa Kongo uko mbele kidogo, na ng'ambo yake ni Kavimvira. Kwa kuwa watu wamekuwa wakivuka kila siku kwenda kununua, kuuza na kuoana, nyumba nyingi za hapo zina lugha mbili. Kuna Kirundi cha wakulima na wafugaji wa uwanda wa Imbo, na kuna Kiswahili cha wavuvi, wachuuzi na madereva, ndugu wa kile kilichoota mizizi katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza mjini Bujumbura. Mzazi wa Gatumba anapomrithisha mwanawe hadithi aliyoipenda utotoni, mara nyingi huivusha pia kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kabla ya redio, hadithi ilikuwa kazi ya usiku, karibu na mafiga. Kwa Kirundi mkubwa huanza na kitendawili. Huita "Sokwe!" na watoto huitikia "Niruze!", kama Waswahili wanavyoita "Kitendawili!" wakajibiwa "Tega!" Baada ya vitendawili hufuata ngano. Zilizopendwa sana ni visa vya Samandari, mtu mwenye ulimi mwepesi asiyemwogopa mkubwa yeyote, anayewashinda wenye nguvu kwa maneno matupu. Mtoto aliyekwisha kumsikia Samandari mara kumi aliomba asimuliwe tena mara ya kumi na moja, na akimkuta msimulizi ameruka neno, alimrudisha nyuma.

Mwaka 1960, mji wa Bujumbura ukiwa bado unaitwa Usumbura chini ya Wabelgiji, ilianzishwa redio ambayo baada ya uhuru wa 1962 ikawa redio ya taifa. Kirundi kilipata nafasi kubwa, na Kifaransa na Kiswahili navyo vikawekewa saa zao. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye sana, mwaka 1984. Lakini umeme wa Burundi ulikuwa wa watu wachache wa mjini, na hadi leo haujafika sehemu kubwa ya nchi. Ndiyo maana, kwa mtoto aliyekulia kwenye uwanda wa Rusizi katika miaka ya 1980 na 1990, kipindi cha kupendwa kwa kawaida kilikuwa cha kusikia. Sura za wahusika alijichorea mwenyewe kichwani, na watoto wawili waliokaa mkeka mmoja hawakuona mtu yule yule.

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 kuliiingiza nchi katika vita vya zaidi ya miaka kumi. Redio nayo ikawa silaha. Kuanzia 1994 kituo cha waasi kilichojulikana kama Radio Rutomorangingo kilirusha matangazo kutoka upande wa Uvira, yaani kutoka jirani kabisa na Gatumba. Redio iliyokuwa ikiwakusanya watu kwenye hadithi sasa ililetwa karibu na sikio kwa hofu, sauti ikiwa imepunguzwa.

Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo, studio ya redio, mjini Bujumbura, waandishi wa Kihutu na Kitutsi, makabila yaliyokuwa vitani, wakifanya kazi pamoja. Miaka miwili baadaye, 1997, ikaanza kusikika tamthilia ya *Umubanyi Niwe Muryango*, iliyoandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Jina hilo ni sawa na kusema kwamba jirani ndiye ndugu. Ilihusu familia mbili zinazoishi ubavu kwa ubavu, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, na iliendelea kwa miaka mingi na mamia ya vipindi.

Nguvu ya tamthilia hiyo ilitokana na udogo wa mambo yake. Sibazuri hakuandika hotuba. Aliandika ugomvi wa watoto, uvumi, uchumba, chakula kinachoazimwa, wivu, msiba, mambo ambayo msikilizaji aliyajua kutoka uani kwake. Suala la kabila liliingia kwa mlango huo huo, kwa jirani anayeamua kufungua au kutofungua mlango usiku mtu anapogonga. Mzazi aliweza kusikiliza pamoja na mtoto wa miaka saba bila kuzima redio, na mtoto aliweza kuuliza kwa nini fulani amefanya vile. Katika nchi ambayo maswali hayo yalikuwa hatari, ni vigumu kukipata chombo kingine kilichoyaruhusu kwa upole kiasi hicho. Mwaka 1999 ilianza tamthilia nyingine ya redio, *Urunana* ya Rwanda, kupitia BBC, na kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, Warundi nao waliifuata.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya wakimbizi wa Kikongo iliyokuwa Gatumba ilishambuliwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, wanawake na watoto wakiwa wengi mno, na kundi la waasi wa Burundi la FNL likadai kuhusika. Haitakuwa haki kuipima tamthilia yoyote kwa usiku ule. Lakini historia ya hadithi za mahali hapa haiwezi kuuruka, maana waliokuwa watoto mwaka huo sasa ni wazazi, na kila mmoja amelazimika kuamua amsimulie mwanawe nini na amfiche nini.

Mzazi aliyekuwa na miaka kumi 1997 sasa anakaribia arobaini. Tatizo lake ni kwamba kipindi cha redio kikishapita kimepita. Si kila nyumba ilikuwa na kaseti ya kunasia, na jaribio la mapinduzi la Mei 2015 lilifuatwa na kushambuliwa kwa vituo kadhaa vya redio binafsi mjini. Kwa hiyo anayetaka kumwonjesha mwanawe tamthilia yake ya utotoni hana budi kuisimulia kwa kinywa, akiigiza sauti za majirani wale wawili. Redio imemrudisha kwenye kazi ya bibi yake.

Kioo kimefika kwa njia nyingine. King'amuzi cha StarTimes na simu za mkononi zimeleta vipindi vya watoto kwa Kiswahili, navyo vinatoka hasa Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me kwa walio wadogo zaidi, kisa cha msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro na kujifunza herufi na namba ndotoni pamoja na wanyama. Kiswahili cha vipindi hivyo ni cha Tanzania, kilichonyooka kuliko kile cha mpakani. Nyumba ya Kirundi ikikipokea, mkubwa hulazimika kukaa karibu na kutafsiri.

Mafuriko nayo yameamua mengi kuhusu chombo kipi cha hadithi kinabaki nyumbani. Aprili 2020 mto Rusizi ulipasua kingo zake na maelfu ya watu wa Gatumba wakaachwa bila makao, wengine wakahamia mahema ya Maramvya. Maji yamerudi mara kadhaa tangu hapo, ziwa nalo likipanda hadi mitaani, kama ilivyokuwa 2024. Mwanzoni mwa 2025 Burundi ilipokea tena makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kivu Kusini, watoto wao wakija na Kiswahili cha Kongo. Televisheni haibebeki kichwani mtu anapovuka maji ya kiunoni. Redio ndogo huingia kwenye kikapu pamoja na sufuria, na Samandari hahitaji kubebwa.