SMIG: namba ya Kinshasa, bei ya Shabunda

Ndugu na dada wahitimu wa Shabunda,

Mwaka 2025 Leta ilipandisha SMIG, ule mshahara wa chini kabisa ambao sheria inaruhusu kumlipa mtu: toka faranga 7.075 kwa siku hadi 14.500, kisha 21.500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Wengi kwetu waliuliza: sawa, lakini nani ataulipa? Swali ni la kweli. Tulijibu kwa kurudi nyuma kidogo.

Kazi ya mshahara iliingia kwetu na kampuni za Wabelgiji zilizofuata zahabu na kasiterite. Mtu alipata faranga chache, lakini juu yake kulikuwa posho, nyumba ya kambi na dawa. Tusiseme ilikuwa paradizo. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière kule Elisabethville waligoma wakidai nyongeza, askari wakawafyatulia risasi. Hata hivyo, mwajiri alijulikana. Ulijua mlango wa kubisha.

Mwaka 1976 kampuni za kwetu na za Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka kwenye soko la dunia, na kufikia 1997 SOMINKI ilikuwa imekwisha. Mawe yakabaki, mlango ukafungwa. Toka hapo mchimbaji halipwi kwa siku. Analipwa kwa kilo, kisha kunatoka deni la chakula, fungu la mwenye shimo, na faida ya mnunuzi. Septemba 2010 Leta ilisimamisha uchimbaji Kivu mbili na Maniema kwa miezi kadhaa. Nani aliwalipa wachimbaji siku zile? Hakuna, juu kwenye karatasi hawakuwa wafanyakazi wa mtu.

Halafu namba yenyewe inaliwa. Zile 7.075 ziliandikwa mwezi wa tano 2018, na wakati ule zilipita dola 4. Miaka saba zilikaa palepale, na mwanzoni mwa 2025 zilikuwa dola 2 na nusu hivi. Tena kwetu barabara ya Bukavu imekufa: chumvi na sabuni vinapanda ndege ao mgongo wa mtu. Faranga moja inayonunua kitu Kinshasa, ikifika Shabunda imechoka.

Basi SMIG ni maneno tu? Hapana. Kodi ya Kazi ya 2002 haiangalii kama mwajiri ni kampuni kubwa ao mtu wa kawaida. Na hapa ndugu zangu tusikasirike: leo waajiri ni siye. Ni siye tunaofungua shule, famasi na ofisi ndogo za miradi. Ni siye tuko na sentineli kwenye lango na dada anayelea watoto. Chukua kalamu: 14.500 mara siku 26 ni 377.000 kwa mwezi, kwa 21.500 ni 559.000. Yule wa kwako unamupa ngapi?

Mimi nilipofanya hesabu hiyo nyumbani, nilinyamaza. Mwanzo wangu ni mdogo: siku zinaandikwa kwenye daftari, tarehe ya malipo haibadiliki, na nyongeza tunaipanga pamoja. Babu zetu walilia juu ya mwajiri mgeni. Watoto wetu wasije wakalia juu yetu.

Wewe unaonaje?