Jina la Mtunzi na Nakala ya Utungo: Hakimiliki ya Mashairi ya Pemba tangu Zama za Hati hadi Zama za Intaneti

Makala haya yahusu jambo ambalo kwa desturi huachiwa wanasheria, nalo ni hakimiliki. Sababu ya kulileta mbele ya wasomaji wa jarida la lugha ni kwamba sehemu kubwa ya tungo tunazozichunguza, yaani mashairi, tenzi na nyimbo za ngoma, siku hizi husikilizwa katika intaneti kuliko zisomwavyo vitabuni, na hatima yake huko haiamuliwi na watu wa lugha. Nimechagua mifano ya kisiwa cha Pemba, na ya upande wa Mkoani zaidi, kwa kuwa huko kuna utajiri mkubwa wa tungo ambazo hazijachapishwa, na kwa kuwa kisiwa hicho kimekaa mahali ambapo sheria mbili zakutana bila ya kujuana.

Yafaa tuanze na desturi ya zamani. Mtunzi wa utenzi alianza kwa kumtaja Mola, akaomba karatasi na wino, na mwishoni akataja jina lake, tarehe, na mara nyingi hesabu ya beti. Wengi waliongeza ombi: msomaji akiona kosa alisahihishe. Ombi hili si unyenyekevu mtupu. Laonyesha kwamba mtunzi alitazamia utungo wake unakiliwe, tena alifurahi unakiliwe, maana utungo usionakiliwa uliliwa na mchwa. Mwenye kunakili alipata ujira wake au thawabu zake, wala hakuna aliyemwita mwizi. Lililochukiwa lilikuwa jambo jingine: kuliondoa jina la mwenye utungo na kutia la mwingine. Hesabu ya beti iliyotajwa mwishoni ilikuwa kama kufuli ya kuzuia nyongeza na upungufu, na vina na mizani vilifanya kazi hiyo hiyo ndani ya kila ubeti. Katika mashairi mafupi ya kujibizana, jina mara nyingi halikuandikwa kabisa, kwa sababu waliosikiliza walimjua mwenyewe kwa sauti yake na kwa jibu alilopewa.

Mfano ulio bora ni wa washairi wawili wa Pemba, Ali bin Said Jahadhmy aliyejulikana kwa jina la Kamange, aliyezaliwa mwaka 1830 na kufariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki mwaka 1926. Tungo zao zilidumu vifuani mwa watu na katika karatasi zilizopitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alitoa utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, katika mfululizo wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na wataalamu wa ng'ambo wakapata kuijua Pemba kuwa nchi ya washairi. Diwani yenyewe ilikawia. Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walizikusanya tungo za wawili hao, Abdilatif Abdalla akazihariri, na kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kikachapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2011. Ilikuwa imepita miaka 101 tangu Kamange afariki, na miaka 85 tangu Sarahani amfuate.

Sasa na tuulize swali ambalo Kamange mwenyewe asingelielewa: mashairi hayo ni mali ya nani? Ili kulijibu hapana budi kupitia historia ya sheria, nami nitaipitia kwa haraka, kwani si tamu. Uingereza ilifanya sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1710. Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalipatana mjini Berne kulindiana kazi za watunzi wao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini utungo ambao haukupata kuchapishwa mtunzi akiwa hai ulilindwa mpaka uchapishwe, kisha miaka 50 zaidi. Tanzania ilifanya Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, ikajiunga na mapatano ya Berne mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7, inayotumika Bara. Zanzibar ilitunga yake, Na. 14, mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA, kama vile Bara ilivyo na COSOTA.

Kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo, tungo za Kamange zilikuwa huru tangu mwisho wa mwaka 1960, na za Sarahani tangu mwisho wa mwaka 1976. Kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, tungo zilizobaki katika hati ni kana kwamba saa yake ilikuwa haijaanza kupiga. Msomaji asidhani kuwa kipimo hiki cha pili kimekufa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 iliacha maandishi mengi ya kale ambayo hayakuchapishwa yaendelee kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2039. Mwaka 2014 serikali ya huko ilikusanya maoni juu ya kuufupisha muda huo, na muda haukufupishwa. Tukikumbuka kwamba hati nyingi za Kiswahili zimo katika maktaba za London, twaona kuwa jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa.

Neno lenyewe la hakimiliki lastahili kuangaliwa na watu wa lugha. Waingereza hulitaja jambo hili kwa kutazama nakala, yaani haki ya kunakili. Wafaransa humtazama mtu, wakasema haki ya mtunzi. Sisi tumechukua haki tukaiunga na kumiliki, neno la mashamba na nyumba. Kadhalika malipo ya mtunzi twayaita mirabaha, neno ambalo katika fikihi ni aina ya biashara ya kuuza kitu kwa faida iliyotajwa. Kwa hiyo mtu asikiapo maneno yetu mawili hupata picha ya shamba na soko. Sisemi kuwa maneno haya ni mabaya, na sitaki tuanze kuyabadilisha. Nasema tu kwamba hayakubeba lile ambalo watunzi wetu wa kale walilijali kuliko yote, yaani jina. Wala hatuna neno lililokubaliwa na wote kwa kazi ambazo muda wake wa kulindwa umekwisha. Baadhi huandika milki ya umma. Pemba, ambako kila mtu ajua wakfu ni nini, mtu angeweza kueleweshwa jambo hilo kwa neno moja, ingawa wanachuoni wangekuwa na haki ya kupinga, kwa sababu wakfu una mtoaji na masharti.

Ikiwa ni lazima kufananisha utungo na shamba, basi tufananishe na shamba la huku kwetu. Katika mila za Unguja na Pemba, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali: mkarafuu ni wa huyu na udongo ulioko chini yake ni wa yule. Hali ya wimbo uliotiwa katika intaneti ni hiyo hiyo. Maneno yana mwenyewe, sauti ya mwimbaji ina mwenyewe, rekodi ina mwenyewe, na mahali ulipowekwa, mathalan YouTube, pana mwenyewe wa nne asiyejua Pemba iko wapi.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Hakimiliki haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kwa hiyo kila upande una sheria yake. Lakini posta na simu vimo katika orodha hiyo tangu mwaka 1964, na intaneti imeingia kwa mlango huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yatumika pande zote mbili, na kifungu chake cha 24 chafanya uvunjaji wa haki za ubunifu kwa njia ya kompyuta kuwa kosa la jinai, hata kwa mtu asiyefanya biashara. Basi kijana wa Mkoani anayetia katika intaneti shairi alilolikuta katika daftari la babu yake aweza kushtakiwa kwa sheria ya Muungano, huku swali la kama shairi lile lina mwenyewe likijibiwa na sheria ya Zanzibar, na mtu wa Dar es Salaam aliyefanya kitendo kile kile akijibiwa na sheria ya Bara. Tena Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizobadilishwa mwaka 2020, zilimtoza mwenye blogu ada na leseni zaidi ya shilingi milioni 2. Ada hizo si hakimiliki, lakini zilimwangukia mtu yule yule: mwalimu, mkusanyaji wa nyimbo, mwenye simu moja na hamu ya kuwaonyesha watu tungo za kwao.

Hata hivyo, hukumu nyingi hazifiki mahakamani, si ya Unguja wala ya Bara. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 rekodi ililindwa miaka 50 tangu ilipofanywa, na kwa hesabu hiyo sahani za mwaka 1928 zilikuwa huru mwaka 1978 ulipokwisha. Lakini kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi zilizotolewa mwaka 1928 zalindwa miaka 100, yaani hadi mwisho wa mwaka 2028. Mzanzibari atiaye sahani ya namna hiyo katika YouTube huitia Marekani. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mashine ya kulinganisha sauti na picha na zile zilizodaiwa na makampuni. Ikiona mfanano, kazi huzuiwa au mapato yake hupelekwa kwa mdai. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998, mdai aweza kutaka kazi iondolewe kwa barua tu. Mwenye kuiweka aweza kukataa kwa barua, lakini ndani ya barua hiyo akubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani, kisha angoje siku 10 hadi 14 za kazi. Onyo likifika la tatu ndani ya siku 90, huenda akaunti yake yote ikafungwa, pamoja na kazi zisizo na ubishi.

Ni mpiga ngoma gani wa Mkoani atakayetia sahihi barua ya namna hiyo? Atanyamaza, na kazi yake itaondoka. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa, wala halitatuliwi kwa kuzidisha vifungo na faini.

Mageuzi ya sheria yanayozungumzwa siku hizi huchukua njia mbili. Ulaya, kwa maagizo ya mwaka 2019, iliweka dhima juu ya makampuni yenyewe, na wapinzani wakasema kuwa hilo litaleta vichujio vya mashine kila mahali. Kenya mwaka huo huo ilirekebisha sheria yake ikaweka utaratibu wa kutaka kazi iondolewe. Njia zote mbili zamwangalia mdai mwenye wakili. Sheria ya Zanzibar ikirekebishwa kwa kunakili mojawapo, itakuwa imeleta Mkoani uzito wa Marekani bila ya kuleta kinga yake. Ningependa kwanza iandikwe waziwazi kwamba kunukuu, kufundisha na kuhifadhi tungo za waliokufa zaidi ya miaka 50 iliyopita si kosa, hata kama hazikupata kuchapishwa. Na kwamba anayedai kazi isiyo yake adhabu imfikie yeye.

Pamebaki ngoma. Sheria ya Bara ya mwaka 1999, ikifuata mfano uliotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982, hulinda sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake, na ruhusa hutolewa na baraza la sanaa la taifa. Nia ni njema. Lakini chukua kibati, ngoma ya Pemba ambayo watu hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, harakaharaka, ngoma ikilia. Ni sanaa ya jadi, hapana shaka. Walakini maneno ya jana usiku si ya jadi, ni ya mtu aliyeyasema jana usiku. Likiitwa la jadi jina lake hupotea, na mwenye kushika simu ya kurekodi ndiye abakiye na haki ya wazi, kwa sababu rekodi ni yake. Baraza lililo mbali haliwezi kumrudishia mtu jina ambalo halikupata kuandikwa. Hili sisi watafiti twaweza kulifanya pasipo kungoja sheria yoyote: kila rekodi tunayoichukua au kuitia katika intaneti iambatane na mahali, tarehe na majina ya waliosema, kwa utaratibu wa maneno yao, na ikiwa katika kibati walijibizana watu wanane, yaandikwe majina yote manane.